Pilau kwa daktari wa meno

Jamani leo nimetoka kuziba jino, shavu bado lina ganzi hata chai inanitoka upande 😂

Sasa yule dada kafungua tu kichupa chake, chumba kizima kikanuka karafuu, nikajua kuna mtu kaleta pilau! Kumbe ni eujenoli, molekuli ya kwenye karafuu, wanaichanganya na unga wa zinki oksaidi inakuwa simenti ya kuziba kwa muda.

Na ni hiyohiyo, yenye atomi 10 za kaboni, 12 za haidrojeni na 2 za oksijeni, wataalamu wa samaki wanawalazia samaki usingizi wakitaka kuwapima, na bibi yangu kule Pemba alikuwa anatubandika karafuu kwenye jino wala kemia hajasoma.

Mpaka saa hizi nikivuta pumzi nasikia jiko la bibi.

Nyie kwenu jino likiuma mlikuwa mnawekewa nini?