Chungu kimoja, midomo kumi na miwili

Mbwa wetu Sinahabari alizaa mwishoni mwa Septemba, wiki ileile korosho za kwanza zilipoanza kudondoka. Mtu yeyote wa Tandahimba anajua maana ya wiki hiyo. Shamba letu liko upande wa Mahuta, saa nzima kwa miguu kutoka nyumbani, na korosho ukiiacha ilale chini bila mtu, kesho yake utakuta mabibo peke yake. Kwa hiyo kila msimu tunahamia shambani na masufuria, mikeka, kuku wawili watatu na mbwa, tunakaa kibandani mpaka Desemba. Safari hii tulikuwa watu watano: mimi, Bibi, wanangu wawili na mpwa wangu wa darasa la nne. Mume wangu yuko Mtwara mjini, anakuja mwisho wa wiki akipata nafasi, na mara nyingi haipati.

Mbwa kwetu hafugwi kwa ajili ya kuchezewa. Nguruwe pori wakiingia kwenye muhogo usiku mmoja, asubuhi utadhani trekta limepita. Ngedere nao wanashuka na mabibo mkononi wanakutazama. Bibi ni mtu wa swala tano, hataki mbwa aguse nguo yake wala chombo chake, lakini anasema mbwa wa kulinda shamba dini imemruhusu, mradi akae nje na kila mmoja ajue mpaka wake. Jina la Sinahabari alilitoa marehemu mjomba, kwa sababu ya jirani mmoja aliyependa kuuliza mambo ya watu. Kila jioni mjomba alisimama uwanjani akaita kwa sauti, "Sinahabari! Sinahabari, njoo ule!" Ujumbe ulifika.

Basi, akazaa saba, chini ya dungu la kulindia shamba, juu ya magunia chakavu. Mmoja alikuwa mdogo sana, akafa siku ya tatu, tukamfukia kwenye mkorosho wa pembeni. Wakabaki sita. Mimi sikuwa na uzoefu wowote wa kulea watoto wa mbwa. Nyumbani tulizoea mbwa mkubwa analetwa na mtu, basi.

Usiku wa tano nilisikia Sinahabari akilia. Haikuwa sauti yake ya kubwekea nguruwe, ilikuwa ya chinichini, kama mtu anayeita bila kutaka kuamsha wengine. Jioni ile kulikuwa na rasharasha ya kwanza. Nikawasha tochi ya simu, nikaona mstari mweusi unatembea kutoka kwenye nyasi mpaka chini ya dungu, mnene kama kamba ya katani. Siafu! Walikuwa wameshafika kwenye magunia. Kijibwa kimoja kilikuwa nao tumboni na kwenye kope, na macho hata hayajafunguka.

Nilipiga kelele, Bibi akatoka na kanga moja, hakuuliza kitu. Alichota makaa na majivu ya moto jikoni kwa kigae, akayamwaga juu ya ule mstari, akarudi kuchota tena. Mimi na mpwa wangu tulikuwa tunabandua siafu mmoja mmoja kwenye vile vijibwa, na siafu ukimvuta mwili unatoka, kichwa kinabaki kimeng'ata. Mikono yetu wenyewe ilikuwa imejaa. Nikatafuta pa kuwaweka, nikashika kitu cha kwanza kilichokuwa karibu, tenga la kuokotea korosho. La Bibi. Aliniona nikiwapakia humo, akanyamaza, mpaka kazi ilipokwisha ndipo akasema, "Tenga hilo si langu tena."

Toka siku hiyo walilala ndani ya tenga, juu ya kichanja kifupi, na kila jioni nilizungushia majivu makavu kwenye miguu ya kichanja. Yawe makavu kweli. Majivu ya jana yaliyoloa umande hayamzuii siafu, anapita juu yake kama barabara. Mama yao alikuwa akiruka juu kuwanyonyesha.

Ikaja habari ya chakula, na hapo ndipo niliteseka kwa wiki mbili kabla sijapata akili.

Mbwa anayenyonyesha sita anakula sana. Sinahabari niliyemzoea kula ukoko wa ugali mara moja jioni, sasa mbavu zilikuwa zinahesabika. Ikabidi ale mara tatu. Mwanzoni nilipika chakula cha watu kwanza, nikamaliza, ndipo nibandike cha mbwa. Kuni mara mbili, maji mara mbili. Na maji kwetu juu ya hii nyanda ya Makonde si kitu cha kuchezea. Mvua zinakatika kwenye Aprili au Mei, ikifika Septemba kisima cha kuvunia maji ya mvua kimebaki tope, tunanunua ndoo ya lita 20 inayoletwa na bodaboda. Siku moja nilikaa nikahesabu ndoo, nikaona ninamlisha mwenye bodaboda kuliko ninavyolisha watoto.

Nikabadilisha mpangilio. Chungu kikawa kimoja, ila cha mbwa kinatoka kabla ya chumvi, kitunguu na pilipili. Ni hilo tu. Kitunguu kinamdhuru mbwa, kibichi au kilichopikwa, na sisi huku bila kitunguu na pilipili hatujapika. Kwa hiyo dagaa niliwachemsha kwanza wakiwa wakavu hivyohivyo na maji mengi. Nikateka maji yake na kiganja cha dagaa, nikaweka pembeni. Waliobaki nikawakaanga kwa kitunguu, nyanya na ndimu kwa ajili yetu. Ugali wa dona nilisonga mmoja, kipande cha mbwa nikakivuruga kwenye yale maji ya dagaa mpaka kikawa uji mzito.

Siku ya kambale wa kukaushwa kwa moshi, wale wanaopandishwa na wachuuzi kutoka Mto Ruvuma, vichwa nilivichemsha muda mrefu mpaka mfupa ukiuminya unasagika. Ng'onda, samaki wa kukaushwa kwa chumvi, sikuwapa. Ng'onda ni chumvi tupu, na mbwa akila atakunywa ndoo nzima ya maji ambayo nimeinunua.

Bibi alinipa masharti yake: upawa wa watu usiguse chombo cha mbwa. Nikawa namimina kutoka juu, sufuria yao iliyong'oka mkono iko chini, mimi nimesimama kama mtu anayemwagilia mchicha. Na yeyote aliyelambwa na kijibwa alikwenda kunawa mara saba, moja kwa udongo, ndipo aingie mkekani. Wanangu walijifunza haraka kutolambwa.

Chakula chetu chenyewe kilikuwa kilekile cha siku zote, na sikuwahi kukichoka. Kinachonipa raha ni kisamvu cha korosho. Asubuhi nachuma majani machanga ya muhogo, jioni mtoto anatwanga kinuni mpaka yanakuwa kama tope la kijani. Nayabandika na maji, sufuria wazi, yachemke sana. Ukifunika au ukiharakisha, uchungu unabaki, na ndani yake mna sumu ya muhogo. Wakati yanachemka, Bibi anakaanga korosho zilizopasuka, zile ambazo chama cha msingi cha ushirika hawazipokei. Anaziweka kwenye kipande cha bati juu ya moto, ganda linatoa mafuta, linashika moto lenyewe, moshi mweusi unapanda, anazimwagia mchanga, kisha anazibangua moja moja kwa jiwe. Tunatwanga punje zake, tunaingiza kwenye kisamvu maji yakikaribia kukauka, tunakoroga bila kuacha mkono maana korosho inashika chini upesi. Chumvi mwisho. Kwa ugali wa muhogo, hapo hakuna anayeongea. Wengine wanaweka nazi, sawa, mimi nasema nazi ni ya mbaazi.

Siku za uchovu kabisa tulichemsha ming'oko, viazi vya porini. Mpwa wangu na wenzake walikwenda kuchimba porini, wanarudi na viroba na magoti yenye udongo. Inachemshwa, inamenywa, inachovywa kwenye chumvi na pilipili, na chai ya rangi pembeni. Hapo mbwa walikula mapema zaidi yetu, uji wa dona uliobaki mchana.

Vijibwa vilianza kulamba uji vikiwa na wiki nne hivi. Mara ya kwanza niliweka sinia la bati chini, wote sita wakaingia na miguu. Mmoja akalala ndani. Nilichojifunza ni kuwapa kidogo mara nyingi, uji uwe mwepesi, dagaa wametwangwa mpaka unga, na mama yao afungwe kwanza, la sivyo anamaliza yeye.

Kosa langu kubwa lilikuwa Novemba. Tulikuwa tumeanika korosho kwenye turubai, zikauke kabla ya kupeleka ghalani. Vijibwa vilikuwa vimeota meno, vinatafuna kila kitu, kandambili, kamba, mpini wa jembe. Sikufikiria. Mchana nilisikia kilio, nikakuta mmoja, yule mwenye doa jeupe kifuani, anajisugua mdomo chini kwenye mchanga. Pembeni yake kulikuwa na korosho ghafi mbili zimepasuliwa. Mafuta ya ganda la korosho yanaunguza ngozi, sote tunajua, wabanguaji wanapaka mafuta au majivu mikononi kwa sababu hiyo. Midomo yake ilikuwa imevimba na ulimi umeanza malengelenge. Nilimfuta kwa kitambaa chenye mafuta ya nazi ili yale ya ganda yatoke, nikaosha nje ya mdomo kwa sabuni, nikamsuuza kwa maji mengi. Siku mbili hakula ila uji uliopoa, niliokuwa namdondoshea kwa kijiko. Ngozi ya mdomo ilibambuka. Akapona, lakini mpaka leo ukimuonyesha korosho anaondoka. Turubai nikalizungushia matawi ya miiba, kazi ya nusu saa ambayo ningeifanya mapema ningelala vizuri.

Wiki ileile, Sinahabari alimng'ata mpwa wangu kiganjani. Mtoto alikuwa anamvuta kijibwa mguu wakati mama yake kijibwa anakula, kwa hiyo nani alaumiwe sijui. Tuliosha jeraha kwa sabuni ya mche na maji ya kumiminika dakika 15 kwa saa ya simu. Bibi alitazama ndoo inavyoisha, hakusema neno la maji hata moja. Sinahabari ana kadi ya chanjo ya kichaa cha mbwa, lakini sikutegemea kadi. Nilipanda bodaboda na mtoto siku hiyohiyo mpaka kituo cha afya, akaanzishiwa sindano. Kichaa cha mbwa dalili zikishatoka hakuna tena cha kufanya, na huku kwetu kila mzee ana hadithi ya mtu aliyepuuza jeraha dogo.

Bwana mifugo alipokuja niliwapanga wote. Akawapa dawa ya minyoo, akaniambia chanjo ya kichaa wapate wakifikisha miezi 3. Nikaandika tarehe kwenye vikaratasi vya daftari, kila atakayechukua kijibwa aondoke na chake.

Wa kuchukua hawakukosekana. Msimu wa nguruwe kila mtu anataka mbwa. Bibi alikataa watolewe bure, anasema mbwa wa bure hakai, anarudi au anakufa. Kwa hiyo mmoja aliondoka kwa kuku mtetea, wawili kwa debe la mbaazi, mmoja kwa ahadi ya kupuliziwa dawa ya salfa mikorosho 20 mwakani, ahadi ambayo nimeiandika na yeye akaweka sahihi. Sikumwachia mtu yeyote kabla ya wiki nane. Mama Sofia alikuja na kapu wakiwa na wiki tano, nikamrudisha na kapu lake tupu, akanuna mpaka ulipofika mnada wa pili wa korosho.

Yule wa doa jeupe tumebaki naye. Wanangu wanamwita Kangomba, jina la wale wanaonunua korosho za watu shambani kwa bei ya kutupa, kwa sababu ndiye pekee aliyewahi kuiba korosho na kujuta.

Wa mwisho alichukuliwa katikati ya Desemba, mvua ikiwa imeshashika, na kijana wa bodaboda aliyemweka kwenye boksi la sabuni mbele ya tangi. Jioni nikabandika maji, nikachemsha dagaa, nikasonga dona. Nilipomaliza kupakua Bibi alitazama sinia, akatazama sufuria iliyong'oka mkono, akaniuliza, "Hawa wageni wanafika saa ngapi?" Mkono ulikuwa umepima unga wa midomo kumi na miwili. Asubuhi tuliula ugali huo kiporo, umekatwa vipande na kukaangwa kidogo, kwa chai ya rangi, Kangomba akisubiri ukoko mlangoni.