Jibu nililolifuta usiku huu

Saa tano usiku, Tanga. Umeme umerudi sasa hivi. Nimefuta jibu nililokuwa nimemwandikia kijana mmoja wa Nakuru, na kabla sijaandika jingine nataka niweke hapa yaliyonipita moyoni.

Tuko watu wanne tunaotafsiri kwa Kiswahili programu huria ndogo ya kutunza kumbukumbu za maktaba; huria maana yake msimbo wake, yaani maagizo yanayoiendesha, uko wazi kwa yeyote kuusoma na kupendekeza marekebisho. Ni kazi ya kujitolea, tunaifanya watoto wakishalala. Kijana huyu, mgeni kabisa kwetu, kaleta mabadiliko 41 kwa mkupuo. Karibu yote ni ya aina moja: kila palipoandikwa "kompyuta" kaweka "tarakilishi", neno jingine la kitu hicho hicho. Juu yake kaandika maneno mawili tu: "Nimerekebisha makosa."

Damu ilinichemka. Nikaandika: "Nani kakwambia ni makosa? Ungewauliza kwanza wenye kazi." Kidole kilikuwa tayari juu ya kitufe cha kutuma.

Hilo "wenye kazi" ndilo lililonisimamisha. Mara yangu ya kwanza kupeleka marekebisho kwenye mradi wa watu, zamani kidogo, nilikuwa nimerekebisha tarehe zilizokuwa zikitokea mwezi ukitangulia siku. Nilihangaika nayo wiki nzima. Jibu likaja mstari mmoja: nisome maelekezo kabla ya kupoteza muda wa watu. Sikurudi kwa miaka miwili. Pale sidhani kama kuna aliyejua kwamba wamempoteza mtu, maana anayeondoka kimyakimya hakuna anayemhesabu.

Nikikumbuka hayo huwa nakumbuka pia habari ya xz. Ni programu ya kubana mafaili, imo ndani ya mifumo mingi ya Linux, mfumo huria wa kuendesha kompyuta, na kwa miaka mingi ilitegemea zaidi mtu mmoja aliyeitunza bila malipo. Mwaka 2022 majina kadhaa yasiyojulikana yalianza kumsakama hadharani: mbona unachelewa, mbona huwapi wengine nafasi. Alijibu kwa utulivu kwamba uwezo wake umepungua, na akawakumbusha kuwa kazi ile ni ya hiari. Hawakumwacha. Hatimaye aligawana usimamizi na msaidizi aliyejiita Jia Tan, ambaye alikuwa akileta michango tangu 2021, mpole, mchapakazi. Msaidizi huyo ndiye aliyekuja kupenyeza mlango wa siri, yaani njia ya kificho ya kuingilia mashine za watu, katika matoleo ya 5.6.0 na 5.6.1 ya xz.

Ilifichuka tarehe 29 Machi 2024. Ilikuwa Ijumaa Kuu, na sisi tuko kwenye Ramadhani; niliisoma baada ya tarawehe nikashindwa kulala. Andres Freund, mmoja wa watengenezaji wa PostgreSQL, programu huria ya hifadhidata, aliona kuingia kwenye mashine yake kwa SSH, njia salama ya kuingia kwenye kompyuta kutoka mbali, kunachukua kama nusu sekunde zaidi ya kawaida. Nusu sekunde! Akafuatilia hadi akaifikia xz, kwa sababu msimbo wake ulikuwa wazi kwake kama ulivyo wazi kwangu na kwako. Akayaanika aliyoyaona mbele ya kila mtu.

Tangu siku ile sikubali mtu aniambie kwamba heshima kwenye kazi hizi ni mapambo. Ndimi kali zilimchosha mtunzaji mpaka akahitaji wa kumpokea mzigo, na mvamizi alikuwa pale amesimama, mikono wazi. Wala upole peke yake hautoshi, maana huyo mvamizi alikuwa nao tele. Heshima ninayoisema mimi ni ya kuusoma mchango wa mtu mstari kwa mstari, na kumweleza wazi unachokikubali na unachokikataa, na kwa nini.

Na hapo ndipo nilipojiona nimekosa. "Kompyuta" tuliichagua mimi na mwenzangu mmoja kwa simu. Hatukuandika popote. Msimbo wetu uko wazi kwa dunia nzima, lakini sababu za maamuzi yetu zimo vichwani mwa watu wawili. Kijana aliyefundishwa "tarakilishi" darasani huko Kenya angejuaje? Kwa macho yake yeye, yale kweli ni makosa.

Nimeandika upya:

"Karibu sana, mdogo wangu, na asante kwa kazi kubwa. 'Tarakilishi' si kosa, wala 'kompyuta' si kosa. Tulichagua 'kompyuta' kwa sababu ndiyo inayosemwa na wakutubi wanaotumia programu hii huku kwetu, ila uamuzi huo hatukuuandika, na hilo ni kosa langu. Nimefungua mjadala mahali ambapo wote wanaona. Tafadhali weka hoja zako hapo, nami nitaweka zangu. Ikionekana tuwe na tafsiri mbili, ya Kenya na ya Tanzania, tutazungumza namna ya kuzitunza."

Nimetuma. Kisha nikarudi kuyapitia yote 41, moja moja, kama nilivyopaswa kufanya tangu mwanzo. Matatu hayakuhusu neno hilo kabisa. Tulikuwa tumeandika "faili imefutwa" sehemu tatu, yeye kaweka "faili limefutwa". Miaka minne nimepita hapo bila kuona. Hayo matatu nimeyapokea usiku huu huu, na jina lake nimeliongeza kwenye orodha ya watafsiri.