Drosera zangu na jua lililohamia uani

Leo asubuhi nimehesabu majani kumi na saba yenye matone kwenye drosera zangu, mimea inayonasa wadudu kwa ute wa majani yake na kuwala. Nimehesabu mara mbili, kikombe cha chai kikipoa mkononi. Majani kumi na saba, kila moja na vinywele vyekundu, kila kinywele na tone lake la ute kwenye ncha, katikati ya mwezi wa kumi na moja! Mwaka jana tarehe kama hizi nilikuwa na majani marefu ya kijani kibichi, makavu, yamelala kama nyuzi za mkonge. Mwaka juzi vilevile. Kwa hiyo leo naandika.

Hali ya mradi kwa ufupi: drosera tano za aina ya capensis nilizootesha mwenyewe kwa mbegu, beseni jeupe, na mpaka mwezi uliopita baraza la mbele la nyumba yetu hapa Mwanga, Kigoma. Baraza linatazama kaskazini. Shikilia hilo neno kaskazini, ndilo lililonitesa miaka miwili.

Udongo sitauzungumzia, kila mtu ana mchanganyiko wake na ugomvi wake. Maji nitasema kidogo kwa ajili ya wenzangu wa huku tu: ya ziwa hapana kabisa. Maji ya Tanganyika yana madini mengi yaliyoyeyuka ndani yake na yana alkali, drosera haivumilii. Mimi nakinga ya mvua kwenye tangi, na kiangazi kikininyang'anya akiba nanunua gereji maji ya betri, yale safi yasiyo na madini. Soma chupa vizuri kabla ya kulipa, asidi ya betri nayo huuzwa kwenye duka hilohilo.

Sasa tatizo lenyewe. Kuanzia mwezi wa nne mpaka wa tisa mimea yangu huwa mizuri kupita kiasi. Wekundu mpaka kwenye kikonyo, ute mpaka nzi akigusa tu jani linaanza kujikunja. Ikifika wiki ya pili ya mwezi wa kumi, jani jipya linatoka limepauka. Linalofuata linatoka refu zaidi, jembamba. La tatu halina ute wa maana, mbu anatua na kuondoka zake. Mimea haifi, na hilo ndilo linalochosha. Ingekufa ningetafuta ugonjwa. Inaishi tu, imesinyaa.

Mwaka wa kwanza nilisema ni mawingu, kwa sababu mvua za Kigoma huanza wakati huohuo. Nilikuwa na vipimo vya mwanga hata, nilivyochukua kwa simu. Mwezi wa sita, beseni likiwa ukingoni mwa baraza, simu yangu iligota kwenye namba ya mwisho inayoweza kusoma. Mwezi wa kumi na moja ilisoma laksi 6,000 pale pale (laksi ni kipimo cha ukali wa mwanga). Nikajiambia: mvua, basi, tusubiri kiangazi. Kiangazi kikaja, wekundu ukarudi, nikaona nimeshinda hoja.

Mwaka wa pili siku nyingine za mwezi wa kumi zilikuwa nyeupe kabisa, hakuna hata wingu la kuapia, na bado mimea ilikuwa inapauka. Hapo ndipo nilipofanya makosa yote. Nilibadilisha udongo. Nikabadilisha maji. Nikang'oa mimea yote sita kukagua mizizi, na katika kung'oa mizizi ikakatika. Sita ikawa tano. Kisha nikanunua mtandaoni taa ya zambarau.

Hii taa inaniuma mpaka leo. Kwenye boksi imeandikwa wati 1000. Nimeichomeka kwenye kipima umeme cha ukutani, inakula wati 64. Sikatai kwamba mwanga mwekundu na wa buluu unakuza mmea, unakuza kweli. Ninachokataa ni kulea mmea ambao siuoni. Chini ya zambarau jani lenye afya na jani lililopauka yote yanaonekana meusi, na mimi rangi ya jani ndiyo habari ninayoitafuta kila asubuhi! Balbu nyeupe ya kawaida ya LED ya duka la mtaani, ile iliyoandikwa 6500K (nyeupe kama mwanga wa mchana), inafanya kazi hiyohiyo kwa bei ya sahani mbili za wali na migebuka, na unaona mmea wako ulivyo.

Nikaiweka zambarau kabatini nikaanza kupima balbu. Hapa nilizama wiki tatu. Balbu ya wati 9, sentimita 40 juu ya jani: laksi 800. Nikaishusha mpaka 20: 3,200. Mpaka 10: zaidi ya 12,000. Ukipunguza umbali kwa nusu, mwanga unaongezeka mara nne. Watu wengi wananunua taa kubwa zaidi wakati walichohitaji ni kamba fupi zaidi. Tyubu ina tabia nyingine: kwa kuwa ni ndefu, ukisogea kwa nusu mwanga unaongezeka mara mbili tu. Tyubu yangu ya wati 18 ilinipa 2,000 kwa sentimita 30 na 4,000 kwa 15. Ndiyo maana wanaotumia tyubu hufunga tatu au nne pamoja, na wanaacha ziwake saa kumi na nne ili mmea ukusanye kwa muda kile ambacho haukupata kwa ukali.

Kuhusu kupima kwa simu: kitambuzi kiko juu ya kioo, karibu na spika ya sikio, siyo kwenye kamera ya nyuma. Kioo kitazame juu. Na usilinganishe simu yako na ya mwenzako, nimejaribu simu tatu mahali pamoja na kila moja ikasema lake. Simu moja, mahali pamoja, mara nyingi: hapo namba inakufaa. Jicho ndilo baya kuliko zote. Baraza lililo kwenye kivuli mchana wa Kigoma linaonekana limejaa mwanga, kwa sababu mboni imeshajizoeza. Mmea haujizoezi hivyo.

Basi mwaka huu, mwanzoni mwa mwezi wa kumi, niko barazani na balbu yangu na kamba yangu, Bibi akatoka ndani na kigoda chake. Akakiweka karibu kabisa na beseni, akanyoosha miguu, akaanza kuchambua maharage. Nikamwambia, Bibi, angalia usije ukapigwa na waya. Akasema hapigwi, amefuata kivuli.

Nikamuuliza mbona mwezi wa saba hakai pale.

"Mwezi wa saba hapa panachoma miguu," akasema, hata hakuinua macho. "Sasa jua limehamia uani, mjukuu wangu. Huoni kamba yangu ya nguo nimeihamishia kule?"

Nilikaa kimya nadhani dakika nzima. Mwanamke huyu amekuwa akihama na kigoda chake mbele ya macho yangu tangu nikiwa mtoto.

Nikatafuta fimbo ya mita moja, nikaisimamisha wima uwanjani mbele ya nyumba, nikasubiri saa sita mchana. Hapo nikakosea tena kidogo, lakini kosa hili lilinifundisha. Saa zetu Tanzania nzima zinafuata longitudo ya nyuzi 45 mashariki, na Kigoma tuko karibu na 29.6. Jua linatufikia kama saa moja nyuma ya saa ya ukutani. Adhuhuri yenyewe ya jua hapa, mwezi wa kumi, ni kama saa saba kasoro robo. Mwezi wa pili inasogea mpaka kama saa saba na robo. Ukipima saa sita kamili unapima asubuhi.

Tarehe 21 mwezi wa kumi, saa saba kasoro robo, kivuli cha fimbo kilikuwa kifupi, sentimita kumi, na kilielekea barabarani. Yaani kaskazini. Yaani jua lilikuwa nyuma ya paa letu.

Tuko karibu nyuzi tano kusini mwa ikweta. Jua linapita utosini kwetu mara mbili kwa mwaka, siku za mwanzo za mwezi wa kumi na tena wiki ya kwanza ya mwezi wa tatu. Katikati ya hapo, miezi mitano, linapita upande wa kusini, na upenu wa mbele hauonji jua la mchana hata siku moja, mawingu yawepo yasiwepo. Mwezi wa sita linakuwa kaskazini: fimbo hiyohiyo, kwa hesabu, inatupa kivuli cha zaidi ya nusu mita kuelekea mlangoni kwetu. Urefu wa siku haubadiliki sana, tofauti ya siku ndefu na fupi haizidi dakika arobaini. Kinachobadilika ni upande.

Na mimi miaka miwili nilikuwa nasoma maelekezo ya watu wa Uingereza na Marekani: weka drosera kwenye dirisha la kusini. Kwao ni kweli, mwaka mzima jua liko kusini kwao. Nilikuwa nimeshageuza, nikasema sisi tuko chini ya ikweta basi kwetu ni kaskazini. Nusu ya mwaka nilikuwa sahihi, na hiyo nusu ndiyo iliyonipumbaza. Kwa Kigoma, Tabora, Mpanda, Dodoma, jibu ni pande mbili. Anayeishi Cape Town, capensis inakotoka, anaweza kukaa na kaskazini yake mwaka mzima. Sisi hapana.

Kuhamisha hakukuwa rahisi kama kusema. Uani kuna kuku na kuna mwembe wa jirani. Siku ya kwanza nilitoa beseni kivulini nikaliweka juani moja kwa moja; kufikia jioni majani ya nje yalikuwa na mabaka ya kahawia, yameungua. Jani lililokulia kwenye laksi 6,000 haliwezi kuingia 100,000 kwa mkupuo. Nikachukua chandarua kilichochanika, nikakikunja safu tatu juu ya beseni. Kila siku nne naondoa safu moja. Safu moja inanipunguzia kama robo ya mwanga, inatosha. Beseni likae jeupe, msitumie jeusi, jeusi juani linapika mizizi. Kuku nimewazuia kwa wavu wa dirisha uliokuwa stoo.

Mvua ikinyesha inaosha ute wote, usishtuke. Kwangu unarudi ndani ya siku mbili jua likitoka. Zamani ningeona hivyo ningekimbilia udongo.

Jani la kwanza lenye wekundu lilifunguka siku ya kumi na sita. Niliita watu wote wa nyumbani waje walione.

Mwembe ndio uliobaki. Kuanzia saa tisa alasiri unanikatia jua, na nilipanga kufidia kwa tyubu, nijaribu umbali wa aina tatu kwa wiki nne nne, niandike kila kitu. Daftari nililipiga mistari. Halafu umeme ukakatika jioni mbili mfululizo, nikateremka Kibirizi kwa mzee mmoja anayetengeneza taa za wavuvi wa dagaa, zile za LED za betri zilizochukua nafasi ya karabai. Nilitaka taa ya akiba tu. Akaniuliza naitumia kwa nini, nikamwambia ukweli, hakucheka. Akanionyesha sahani ya bati iliyong'arishwa anayoifunga juu ya kila taa. "Kinachokwenda juu dagaa hawakioni, kijana wangu. Kirudishe chini." Nilipofunga sahani kama hiyo juu ya balbu yangu, kwa sentimita 20 nikatoka 3,200 hadi 5,500. Bati tu!

Na taa ile ilipowaka uani usiku wa kwanza, nikasahau daftari. Wavuvi wanawasha taa ili dagaa waje. Na mimi vijidudu vilikuja, vidogo kama punje za pilipili manga, vikizunguka balbu na kushuka kwenye majani. Asubuhi jani moja lilikuwa na kumi na moja, limeanza kujikunja. Sasa nawasha saa moja jioni mpaka saa tatu, mwanga na chakula kwa pamoja, na majaribio ya umbali yamelala.

Wanaoniuliza lini naanza dionaea, ule mmea unaonasa nzi kwa kufumba jani: siyo sasa. Ule ni wa Carolina, Marekani, unataka miezi ya baridi ulale, na Kigoma hatuna baridi hiyo. Ya kiasili zaidi kwetu ni drosera madagascariensis, inayoota porini Afrika ya kitropiki mpaka Tanzania hii hii. Hiyo naitamani.

Jana mvua ilikatika saa kumi na mbili, na saa moja niliwasha taa kama kawaida. Kumbikumbi wakatoka. Ni wakubwa mno, mbawa zinaganda kwenye ute na kufunika jani zima, nikawa natoa moja moja kwa kikoleo cha nyusi cha dada. Bibi akatoka na beseni lake, kalijaza maji, akaliweka chini ya taa kando ya la kwangu, akaniambia nisogee kidogo. Kufikia saa mbili la kwake lilikuwa limejaa.

"Usizime kwanza," akasema.

Nikaiacha mpaka saa nne.