Gugu karoti nusu eka: kumbukumbu za masika

Machi, wiki ya pili. Mvua zimeanza Arusha, nami nimeanza kung'oa gugu karoti kwenye nusu eka yangu. Nadhani lililetwa na lori la mchanga wa kujengea, maana lilianza kuota pale pale mchanga ulipomwagwa, kisha likafuata njia ya maji mpaka kwenye mahindi. Asili yake ni Amerika, pande za Ghuba ya Meksiko. Hapa Arusha liliripotiwa mwaka 2010. Mmea mmoja mkubwa hutoa mbegu zaidi ya 10,000, na mbegu hizo husafiri kwa matope ya matairi, kwato na mtaro.

Wiki ya tatu. Mwaka jana nilingoja maua meupe ndipo nilitambue, nikawa nimechelewa. Safari hii nainama. Likiwa changa hulala chini, majani yametandazwa duara kama sahani, yamechanika-chanika kama ya karoti, kijani chake kimepauka. Hapo linang'oka kwa vidole viwili, na mzizi wake wote. Likirefuka, shina huwa na mifereji ya kwenda juu na vinyweleo, na maua ni vitone vyeupe vyenye pembe tano. Tangu kuota mpaka kuchanua zinaweza kupita wiki nne tu.

Bibi jirani alinisimamisha kwenye uzio. "Mwanangu, giligilani yangu hiyo usiing'oe!" Alikuwa akiupalilia mche mmoja kandokando ya bomba lake. Nikamchumia jani la giligilani ya kweli kutoka bustanini kwangu, akalinusa, kisha akautazama ule mche kwa muda mrefu. "Kumbe ndiyo maana maziwa ya mbuzi yalikuwa machungu." Inawezekana kabisa, mifugo ikilila maziwa hugeuka ladha.

Mmea mwingine unaonichanganya ni artemisia, ile inayolimwa huku kwa dawa ya malaria. Majani yanakaribiana, lakini artemisia ukiifikicha inanukia sana, na maua yake ni ya njano.

Aprili, wiki ya kwanza. Siku moja nilifanya kazi bila glavu. Usiku mikono ikawasha, kesho yake ikatoka vipele mpaka kwenye viwiko. Sumu yake inaitwa partenini, na ngozi iliyokwisha kuikataa mara moja huzidi kuikataa. Wengine hupata pumu kwa chavua yake. Sasa navaa glavu, mikono mirefu na barakoa, na watoto siwaiti kunisaidia.

Aprili, wiki ya tatu. Kijana niliyempa kibarua alilifyeka lote kando ya barabara. Palipendeza kwa siku kumi. Kisha visiki vikachipua matawi mengi, yakachanua yakiwa mafupi, chini ya kimo cha fyekeo. Nimerudia kung'oa mmoja mmoja, asubuhi baada ya mvua, udongo ukiwa laini. Yasiyochanua nayaacha yakauke juani; yenye maua natia kwenye kiroba taratibu, nafunga, nachoma.

Leo, Mei mosi: viroba saba. Kwenye mahindi sijaona jipya kwa siku nane, ila mbegu hukaa ardhini miaka, kwa hiyo kila mvua nitapita tena. Kesho naanza mtaro wa bibi.