Mikono ya bibi bado inajua

Leo asubuhi bibi kaniita kwa jina la dada yake marehemu.
Nikaitika tu. Mwenye ugonjwa wa kusahau ukimsahihisha unamtia hofu bure.

Nikamwekea mapajani miyaa ya ukindu, yale majani ya kusukia mikeka, nimeshainyunyizia maji kidogo. Ikiwa mikavu hukatika. Ikilowa sana, ukili, yaani ule mkanda unaosukwa, hulegea ukishakauka.

Akaichana kwa ukucha wa kidole gumba, akaanza kusuka.
Mwaa mmoja mnene akauweka kando: "Huu utapinda ukili."
Sauti ileile aliyokuwa akitufundishia!

Kazi ya mikono huchelewa kusahaulika kuliko majina. Mpeni mzee kazi aliyoizoea, msimharakishe.

Bibi na babu zenu, mikono yao bado inakumbuka nini? Niambieni.