Mayungiyungi ya Luchelele, kabla jua halijapanda

Nimezaliwa Kirumba hapa Mwanza, Ziwa Victoria naliona kila siku, ila yungiyungi, lile ua la majini, likifunguka nilikuwa sijawahi kuliona mpaka juzi, maana kila nikipita Luchelele ni jioni na haya ya buluu ikifika jioni yameshajifumba zamani, unaona majani tu yamelala juu ya maji.

Mjomba wangu mvuvi ndo akanambia njoo alfajiri uone. Saa kumi na moja nimeshafika mwaloni, giza bado, mitumbwi ya dagaa inarudi na taa zake, nikamsalimia mwangaluka mjomba, akaitikia na kunipa boya, vaa kwanza. Hapo habishiwi. Mwaka 1996 MV Bukoba ilipozama yeye alikuwa kijana hapahapa Mwanza, mpaka leo hapandishi mtu bila boya hata kama maji ni ya kiunoni.

Tukapiga kafi mpaka kwenye matete, halafu akaweka kafi chini akachukua upondo ili tusikate vikonyo. Tukakuta yamefumba yote. Jua likatoka, bado. Mjomba kimya tu anakumba maji na kopo. Inakaribia saa mbili moja likaanza kuachia, taratibu sana, kwanza unaona mstari wa buluu kwenye ule ukijani, ukigeuka kuangalia lingine ukirudi limeshakuwa ua, na katikati manjano kabisa, na harufu nyepesi tamu ambayo sikuitegemea ziwani aisee. Nyuki wakaja. Nilitetemeka, na siyo baridi.

Kuna ndege pia, wa rangi ya kahawia, kipaji cha buluu, vidole virefu mno, anatembea juu ya majani kama yuko sakafuni. Mjomba akanambia anayelea vifaranga ni dume, jike likishataga linaenda kwa dume lingine. Tulimwangalia huyo baba na vitoto vyake muda mrefu.

Sasa jamani, kitu kinachoniuma. Watu wanapiga picha magugu maji wanaandika yungiyungi, na wengine wakisafisha ufukwe wanang'oa yote pamoja. Hayafanani! Gugu maji lina kikonyo kilichovimba, ndo kinalielesha, mizizi inaning'inia tu majini kwa hiyo upepo unalipeleka popote, na maua yake yanakaa shada, zambarau. Limetoka Amerika Kusini, na miaka ya 90 lilijaa mpaka mitumbwi haitoki, ikabidi waletwe mbawakavu wa kulila. Yungiyungi ni la hapahapa Afrika, mizizi iko kwenye tope, kila ua lina kikonyo chake kirefu, na likishashika mbegu linazama mbegu zikomae huko chini. Halijawahi kumfungia mjomba njia, yeye anasema chini ya yale majani ndo vitoto vya sato vinajificha. Ukiling'oa unawang'olea na hao nyumba.

Saa tatu na nusu tukageuza, yalikuwa yamefunguka yote, sikuchuma hata moja. Nimemwomba Jumamosi nije na mama, amekaa Mwanza miaka yote hii na hajayaona, mjomba amekubali, kasema tufike giza halijaisha na boya la mama atalitafuta lenye saizi yake.