Michango ya kampeni Marekani si kama michango ya harusi

Msimu wa uchaguzi ukikaribia, kwenye vikao vyetu vya Waswahili wa Seattle na miji ya jirani huibuka wazo ambalo kwa mtu aliyelelewa kwetu halina kasoro hata kidogo. Mgombea amekuja kutusalimia, amekula pilau, amesikiliza habari za kodi za nyumba zinavyopanda. Akishaondoka, mzee mmoja anasimama: "Jamani, huyu tumchangie. Kila mtu atume alichonacho kwenye Zelle ya mweka hazina, halafu mwenyekiti aandike hundi moja kwa jina lake, tuonekane tuna umoja." Watu wanaitikia, daftari linafunguliwa, ahadi zinaandikwa kama za kamati ya harusi.

Ndugu zangu, nawaomba tusimame hapo hapo. Hundi hiyo moja inaweza kumpeleka mwenyekiti wetu mahakamani.

Sheria ya shirikisho inakataza mtu kutoa mchango wa kampeni kwa jina la mtu mwingine. Watu kumi wakimtumia mwenyekiti dola 50 kila mmoja, naye akaandika hundi ya dola 500, taarifa ya kampeni itaonyesha mtoaji mmoja wakati watoaji ni kumi. Machoni pa sheria wale kumi wamejificha, na mwenyekiti amewaazima jina la kujifichia. Adhabu yake ni faini, na fedha zikiwa nyingi ni kifungo. Nia njema haifuti kosa, na "sisi kwetu ndivyo tunavyochangiana" si utetezi ambao wakili angependa kusimama nao mbele ya jaji.

Halafu tazama ni nani wamo kwenye lile daftari. Kuna kijana wa chuo mwenye viza ya masomo. Kuna shemeji aliyekuja kutembea miezi mitatu. Hao hawaruhusiwi kutoa hata senti moja, iwe kwa mgombea urais, gavana au diwani. Katazo hili lilishapelekwa mahakamani na Wakanada wawili waliokuwa wakiishi na kufanya kazi New York kwa viza za muda, mmoja mwanasheria, mwingine daktari. Walidai kwamba wanalipa kodi na wanaguswa na sera kama mtu mwingine yeyote. Walishindwa mwaka 2011, na Mahakama ya Juu ikathibitisha hukumu hiyo mwaka 2012. Kwa hiyo dola 20 za yule kijana wa chuo, zikichanganywa kwenye hundi ya mwenyekiti, zinakuwa fedha za kigeni kwenye uchaguzi wa Marekani. Kijana mwenyewe anahitaji viza safi kuliko mgombea anavyohitaji dola 20 zake. Akitaka kusaidia, ajitolee bila malipo: kugonga milango na kupiga simu kunaruhusiwa, mradi asishiriki kuamua fedha za kampeni ziende wapi.

Na chama chenyewe, kama kimesajiliwa kuwa shirika la hisani lisilotozwa kodi, hakiruhusiwi kumuunga mkono mgombea yeyote. Katazo hilo lipo tangu 1954. Viongozi wengi wa vyama vyetu hawalijui, na hakuna aliyewaeleza.

Sasa sisi wenye grinikadi, yaani wakazi wa kudumu ambao bado si raia. Hapa sheria inatushangaza wengi: mkazi wa kudumu haruhusiwi kupiga kura, na akithubutu anaweza kurudishwa kwao, lakini kuchangia anaruhusiwa. Utoe peke yako, kwa kadi yako ya benki, kwa jina lako, kwa pesa yako. Ukifungua ukurasa wa kuchangia mgombea wa ngazi ya shirikisho, kabla ya kubonyeza utakuta maneno unayotakiwa kuyathibitisha: kwamba wewe ni raia au mkazi wa kudumu, na kwamba fedha hizi ni zako mwenyewe na hakuna mtu aliyekupa au atakayekurudishia. Yasome. Wengi wetu huwa tunapitiliza kwenda kwenye kitufe cha mwisho, kumbe pale ndipo unapoweka ahadi. Kwa uchaguzi wa 2025 na 2026, mtu mmoja anaweza kumpa mgombea wa shirikisho hadi dola 3,500 kwa kura ya mchujo na kiasi hicho hicho kwa uchaguzi mkuu. Ukivuka jumla ya dola 200, kampeni inatakiwa kuripoti jina lako, mji wako, kazi yako na mwajiri wako, na Tume ya Shirikisho ya Uchaguzi inayaweka hadharani. Bosi wako anaweza kuyaona, na mkweo pia.

Mimi hili la majina napenda kulitetea, ingawa najua wengi wetu hatulipendi. Nilipokuwa Tanga, mgombea ndiye aliyekuwa akitoa. Alileta kanga, fulana, kofia, alilipia maji na mchele, na sheria ya wakati ule iliiruhusu takrima mpaka Mahakama Kuu ilipoifuta mwaka 2006. Sheria ya Gharama za Uchaguzi ikaja mwaka 2010. Muda wote huo sikuwahi kujua mchele ule ulinunuliwa na nani. Huku mgombea ndiye anayeomba. Simu yangu hujaa ujumbe wa "tuma dola 5 kabla ya saa sita usiku", hasa mwisho wa mwezi wa tatu, wa sita na wa tisa, kwa sababu hapo ndipo hesabu za robo mwaka zinapofungwa na kila kampeni inataka taarifa yake ionekane nzito. Inachosha. Lakini nikitaka kujua ni nani kampa huyu mtu pesa moja kwa moja, najua ndani ya dakika chache nikiwa nimekaa jikoni.

Kinachoniuma ni kwamba ukali huu unatuangukia sisi wa dola 50, na mto mkubwa unapita pembeni. Baada ya kashfa ya Watergate iliyomng'oa Rais Nixon, Bunge lilipitisha mwaka 1974 sheria iliyoweka kikomo cha michango na kikomo cha matumizi pia, na ndiyo iliyounda hiyo Tume. Mwaka 1976 Mahakama ya Juu ikaigawa sheria hiyo vipande: kikomo cha kumpa mgombea kikabaki, kikomo cha kutumia kikafutwa, kwa hoja kwamba kutumia pesa kueleza msimamo wako ni sehemu ya uhuru wa kusema. Januari 2010, kwa kura 5 dhidi ya 4, Mahakama hiyo ikasema makampuni na vyama vya wafanyakazi vinaweza kutumia wanavyotaka kumpigia debe au kumpinga mgombea, mradi wasipange naye. Miezi miwili baadaye mahakama ya rufaa ikafungua mlango wa kamati zinazoitwa super PAC, ambazo hupokea bila kikomo. Katika uchaguzi wa 2024, Elon Musk peke yake alitumia zaidi ya dola milioni 250. Mtu mmoja. Na yeye walau jina lake tunalijua. Zipo taasisi zisizotakiwa kuwataja wafadhili wao, zinazotoa kwa kamati hizo mamilioni, na kwenye taarifa utaona jina la taasisi tu.

Tume inayotakiwa kusimamia yote hayo ina wajumbe sita, wasiozidi watatu kutoka chama kimoja, na uamuzi unahitaji kura nne. Kwa miaka mingi wamegawanyika tatu kwa tatu. Mwaka 2025 wajumbe walipungua mpaka Tume ikakosa akidi kabisa, mashauri yakalala.

Basi niseme la Seattle, maana hapa kuna kitu ambacho ndugu zangu wengi wanakitupa kwenye ndoo ya karatasi bila kukijua.

Novemba 2015 wapiga kura wa jiji hili walipitisha mpango wa Vocha za Demokrasia, zikaanza kutumika mwaka 2017. Mwaka wa uchaguzi wa jiji ukifika, kila mpiga kura aliyesajiliwa anatumiwa kwa posta vocha nne, kila moja ya dola 25. Huwezi kuzigeuza fedha taslimu. Unaandika jina la mgombea, tarehe, unatia saini, unairudisha kwa posta au unamkabidhi mtu wa kampeni, na Tume ya Maadili na Uchaguzi ya Seattle inamlipa mgombea dola 25 kutoka kwenye kodi ya majengo. Kodi hiyo ilikuwa dola milioni 3 kwa mwaka kwa jiji zima. Juu ya mahali pa kusaini kuna kiapo kifupi: kwamba unaitoa kwa hiari, bila kushurutishwa, na bila kupokea malipo ya aina yoyote. Kuiuza ni marufuku. Nimeshasikia mtu kwenye sherehe akiulizia vocha za wenzake kwa dola 10. Huyo anacheza na moto.

Na mkazi wa kudumu naye anazo, akiwa na umri wa miaka 18 au zaidi na anaishi ndani ya jiji. Tofauti ni kwamba sisi hatuletewi, kwa sababu hatumo kwenye daftari la wapiga kura. Tunaomba kwa fomu ya Tume hiyo ya Seattle, tunaletewa nyumbani. Fomu hiyo ni ya vocha tu. Usije ukaichanganya na fomu ya kujiandikisha kupiga kura, maana hiyo ya pili ukiijaza bila uraia umejiharibia.

Mwaka uliopita jirani yangu wa hapa Rainier Beach, mama wa Kikongo aliyekaa miaka mingi kambi ya Nyarugusu kabla ya kuletwa huku, na ambaye sasa ameshaapa uraia, alinibishia hodi na bahasha mkononi. "Dada, hizi makaratasi zilikuja na jina yangu. Ni deni?" Nikamweleza si deni, ni pesa za jiji za kumpa mgombea anayempenda. Akazigeuza moja moja, akasoma namba, akaniuliza swali ambalo limenikaa kichwani kuliko hukumu zote za mahakama: "Nikimupa huyu, na yule mwingine akishinda, atanifanya nini?"

Sikumdanganya. Kura ni siri, vocha si siri. Tume huchapisha nani amempa nani. Nikamwambia kwamba sijasikia diwani wa hapa akimwandama mtu kwa sababu ya vocha, lakini kwamba jina lake litaonekana. Alifikiri siku kadhaa, akatumia mbili, mbili akazirudisha kwenye bahasha. Kwa mtu aliyetoka Kivu kwa miguu, uwazi una gharama ambayo walioandika sheria hawakuiweka kwenye hesabu. Bado naamini uwazi ni bora kuliko giza, ila sitamlaumu anayezikunja zikakaa.

Mgombea naye habebi vocha hivi hivi. Lazima kwanza akusanye saini na michango midogo ya angalau dola 10 kutoka kwa wakazi: 600 kwa umeya, 150 kwa diwani wa wilaya. Pia anakubali kwa hiari kikomo cha matumizi. Kwa hiari, kwa sababu ile hukumu ya 1976 hailiruhusu jiji kumlazimisha. Vocha ndiyo chambo. Wamiliki wawili wa nyumba walishitaki wakisema wanalazimishwa kulipia maneno ya wanasiasa wasiowapenda. Julai 2019 majaji wote wa Mahakama ya Juu ya jimbo la Washington waliukubali mpango.

Mwaka huo huo Amazon iliipa kamati ya wafanyabiashara karibu dola milioni 1.5 kwa ajili ya viti vya udiwani. Wagombea wengi waliopigiwa debe na kamati hiyo walishindwa, na Januari 2020 baraza la jiji likayapiga marufuku makampuni yenye kiasi fulani cha umiliki wa kigeni kutumia fedha kwenye uchaguzi wa jiji. Mwaka 2025 Katie Wilson, mwanaharakati wa usafiri wa umma, alimshinda meya aliyekuwa madarakani, Bruce Harrell, kwa tofauti ya kura kama 2,000, na sehemu kubwa ya fedha za kampeni yake ilitoka kwenye vocha. Sisemi vocha zimeondoa pesa kubwa. Kamati za nje zilimwaga zaidi ya dola milioni moja hata mwaka huo. Nasema mtu asiye na rafiki tajiri ameweza kusimama.

Udhaifu wake naujua. Mwaka 2017 vocha zilitumwa kwa zaidi ya watu nusu milioni, wakazitumia kama 20,000. Waliobaki nyuma ni vijana, wapangaji, na sisi wahamiaji, yaani wale wale ambao mpango ulikusudia kuwaingiza. Ndiyo maana nimeomba tupate nusu saa kwenye kikao chetu kijacho, tuwape watu fomu mkononi na kuwaeleza kwa Kiswahili. Ndugu wa Tukwila, Kent na SeaTac mtatusamehe, ninyi mko nje ya mipaka ya jiji na hamna haki hiyo. Walioko Oakland, California, wapiga kura wenu walipitisha vocha za namna hii mwaka 2022 na utekelezaji ukaahirishwa kwa kukosa bajeti. Waulizeni madiwani wenu. New York City hakuna vocha, lakini mchango mdogo wa mkazi wa jiji huongezewa na jiji hadi mara nane.

Agosti 2025 wapiga kura wa Seattle waliuongezea mpango miaka kumi, na kodi yake ikapanda hadi dola milioni 4.5 kwa mwaka. Uchaguzi wa kawaida wa madiwani ujao ni 2027. Mwenye grinikadi anayeishi ndani ya jiji aombe fomu mapema, na lile daftari la mweka hazina tulibakize kwa harusi na misiba.